Salamu za shukrani kwa wote mliotushika mkono kwenye ugonjwa na msiba wa mama yetu

Bwana Yesu asifiwe sana ndugu, jamaa na marafiki. Sisi watoto wa marehemu pamoja na wakwe na wajukuu tumekaa kikao hapa nyumbani Kamachumu, tukaona kabla hatujatawanyika kurudi makazini lazima tuseme asante, maana kumpigia simu mmoja mmoja hatutaweza, mko wengi mno, na wengine tumeona tu jina kwenye muamala hata sura hatuwajui.

Wa kwanza ni Mungu. Kuna watu wametuuliza hapahapa msibani, jamani mmefunga, mmeomba, mmekesha na bado mama kaondoka, sasa mnashukuru nini? Swali halikutuudhi, hata sisi tumejiuliza usiku. Tunashukuru kwa sababu mama mwenyewe ndo katulea hivyo. Wazee wa hapa wanakumbuka mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulivyoingia Kagera 2006 ukaanza kula migomba ya watu, zamu ya shamba letu ilipofika mama aling'oa migomba kwa mikono yake mwenyewe, na kwa Mhaya mgomba ukienda kimeenda chakula na imeenda heshima ya nyumba. Hatujakaa sawa likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ukuta ukapasuka toka chini mpaka kwenye linta, tukalala nje na watoto chini ya turubai. Usiku ule akatusomea Habakuki sura ya 3, pale nabii anaposema hata mtini usipochanua bado atamfurahia Bwana, ila mama kila akifika kwenye mtini alikuwa anasema mgomba. Migomba isipozaa, kibanja, yaani shamba la nyumbani, kisipotoa chakula, mimi nitamfurahia Bwana. Sisi tulidhani anatutuliza tu tulale. Alipougua figo ndo tumejua alikuwa anamaanisha.

Ambaye hajauguza mgonjwa wa figo ni ngumu kuelewa. Mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila ukikaa ni masaa manne, ukishuka huna nguvu hata ya kuvaa viatu, na keshokutwa unarudi tena. Mama alihama nyumbani kwake akaja kuishi Mwanza kwa dada yetu kwa ajili hiyo. Maji ya kunywa nusu lita kwa siku, humo humo chai, humo humo mchuzi, na joto la Mwanza mnalijua. Alikuwa anapewa kipande cha barafu kwenye kijiko anakinyonya taratibu amefumba macho mpaka kiishe. Na ndizi jamani, chakula alichokula toka anaota meno, ikabidi zikatwe vipande vidogo zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena na maji mengine, kwa sababu ya potasiamu ambayo ikizidi kwenye damu inasimamisha moyo. Zinatoka hapo hazina ladha yoyote. Anasali kwanza, anashukuru kwa ajili ya chakula, anakula anamaliza.

Kuna mtumishi wa Mungu mmoja alikuja nyumbani akamwambia mama umeshapona, acha mashine uonyeshe imani yako. Sisi tulinyamaza kwa heshima ila kwa kweli tuliogopa, mtu amechoka kuchomwa sindano ukimwambia hivyo si anaweza kukubali? Alipoondoka mama akasema, "Wanangu, Mungu aliyeniumba ndo kawapa wale watoto wa hospitali akili ya kusafisha damu, nikiacha kwenda nitakuwa namjaribu, sio kumwamini." Ijumaa akaenda kama kawaida. Tumeliandika hili wazi kwa ajili ya familia zenye wagonjwa, tafadhali msimwachishe mtu tiba kwa jina la Yesu, ombeni na dawa anywe, ombeni na mashine akae.

Mnakumbuka tulivyoanza kuchangisha lengo lilikuwa kupandikiza figo. Huduma hiyo siku hizi iko hapahapa nchini, Muhimbili walianza 2017, na anayetoa figo inatakiwa awe ndugu wa mgonjwa. Mmoja wetu akapimwa, vipimo vikakubali, nyumba nzima tulilia kwa furaha, mkaongeza michango, shangazi akauza ng'ombe wake. Halafu maambukizi yakaingia kwenye damu, na kabla tarehe ya safari ya Dar haijafika mama akatutoka. Hapo ndipo palipotuuma, bado panauma, wala hatutaki kujifanya hapaumi. Mdogo wetu aliyekuwa tayari kutoa figo tunaomba mzidi kumwombea, anasema amebaki na kitu cha mama ambacho hakumpa.

Lakini katika kulia huko hatukulala njaa hata siku moja na hatukulia peke yetu, ndo maana hatuwezi kusema Mungu hakusikia. Madaktari na manesi wa kitengo cha kusafisha damu, mlimwita mama hata sisi tukasahau kuwa si yeye aliyewazaa, asanteni sana. Dereva wa bajaji aliyekuwa anampeleka alfajiri na mara nyingine anakataa hela, kaka tumekuandika kwenye maombi ya familia. Baba mchungaji na mama mchungaji, wainjilisti, kwaya na umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa na ule wa Mwanza, pamoja na Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mmetubeba. Majirani zetu Wakatoliki mlikuja na jumuiya nzima, na majirani zetu Waislamu mlikuwa wa kwanza kufunga turubai kabla hata sisi hatujafika na mwili.

Safari yenyewe ya kumleta, wale tuliokuwa kwenye msafara tutaikumbuka. Zamani tukimpeleka mama kliniki Mwanza tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko pale Busisi, yeye ana maumivu na kivuko kiko ng'ambo. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 alivuka kwa gari mara ya kwanza akaimba toka mwanzo wa daraja mpaka mwisho, kilomita tatu zote. Safari hii tumemvusha sisi tukimwimbia. Mliotupokea Sengerema, Geita, Biharamulo mpaka Muleba, na ndugu zetu wa Kampala mlioingia kwa Mutukula usiku wa manane, Mungu awalipe. Vijana mliochimba kaburi kwenye mvua, mama wadogo na mashangazi mliomenya ndizi usiku kucha, mwakola waitu, yaani asanteni sana kwa Kihaya.

Kuhusu michango, mweka hazina wa kamati ameshaweka mchanganuo wote kwenye grupu, hospitali, jeneza, usafiri, chakula, kila mtu aangalie na mwenye swali aulize bila woga. Kiasi kilichobaki tumekubaliana kwenye kikao hakigawanywi kwa watoto, kinaenda kwa mama mmoja aliyekuwa anakaa mashine ya jirani na mama yetu Mwanza, ambaye ameshakosa vipindi vya mashine kwa kukosa hela. Mama alikuwa anamtaja kwenye sala kila siku. Kama kuna aliyechanga ambaye hataki mchango wake uende huko atuambie mapema, tutamrudishia na hatutamfikiria vibaya.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi hapa nyumbani, tutaanza saa nne asubuhi baada ya ibada ya kwanza. Njooni wote. Grupu la msiba litafungwa jioni ya siku hiyo.

Ni sisi, watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu.
Kamachumu, Muleba