Tuchapishieni hadithi za upelelezi zinazoisha

Ndugu Mhariri,

Kuna gazeti moja hapa Dar linanidai, au tuseme mimi nalidai, muuaji. Miaka hiyo lilikuwa na hadithi ya upelelezi kila Jumamosi. Mhasibu kakutwa amekufa kwenye chumba cha gesti Buguruni, mlango umefungwa kwa ndani, chai mezani haijaguswa. Niliifuata hadi sehemu ya 23. Jumamosi iliyofuata, pale pale palipokuwa na hadithi, nikakuta tangazo la mganga. "Itaendelea" haikuendelea tena.

Nimemkumbuka mhasibu yule juzi, baada ya kununua kitabu cha mitumba pale Posta: mkusanyiko wa hadithi fupi za uhalifu kwa Kiingereza, waandishi zaidi ya kumi, wote wenye majina makubwa. Nilianza moja tukiwa kwenye foleni ya Tazara. Konda anadai nauli, namwambia subiri kaka, huyu anakaribia kukiri. Kabla sijashuka Gongo la Mboto, kesi imekwisha.

Nyingine iliniudhi, maana muuaji aliingia ukurasa wa mwisho kabisa. Huo ni wizi. Kwenye riwaya unaweza kumzungusha msomaji kwa magari na bastola; hadithi ya kurasa 15 haina pa kujificha, dalili lazima iwepo tangu mwanzo, mbele ya macho yetu.

Wenzetu walianza na fupi. Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa ya kwanza mwaka 1841. Conan Doyle naye, mtunzi wa mpelelezi Sherlock Holmes, alipoandikia jarida la Strand kuanzia 1891, aliona hadithi ya mfululizo inamtupa nje msomaji aliyekosa toleo moja. Akambakiza mpelelezi yule yule, ila kila kisa kikaisha hapo hapo. Vile vifupi vya Holmes ni 56.

Sisi wapelelezi wetu, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, tumewasoma hadi majalada yakachanika. Wapo na wa leo wanaoandika vigongo na kuviuza kipande kipande kwenye simu. Wachapishaji, waombeni waliokwishajijengea jina, kila mmoja kisa kimoja kilichokamilika, mviweke kwenye jalada moja. Najua mtasema kinachouzika ni vitabu vya shule tu. Lakini hao abiria wanaosoma vipande kwenye simu wanalipia.

Na kama mwandishi wa yule mhasibu yu hai, atangulizwe yeye. Kurasa mbili zinanitosha.

Msomaji wenu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam