Kwako ndugu yangu unayezitamani siku za kafyu

Assalaam aleikum. Juzi kwenye simu ulisema unazitamani zile siku za korona, maana angalau mtu alipata muda wake. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayesema hivyo.

Wewe ulikuwa Nairobi, chumba chako na ufunguo wako. Nakuamini kwamba ulipumzika. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa ilikuwa imeshafungwa tangu Aprili 2020, kisha Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wetu nao ukafungwa. Haingii mtu, hatoki mtu, mpaka Idd ikatukuta humo humo.

Magharibi iliadhiniwa karibu saa kumi na mbili u robo, kafyu saa moja. Tende, uji, sala, basi. Msikiti umefungwa, tarawehe baba akatusalisha sebuleni. Hakuna kwenda ufukweni Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo. Baada ya sala baba alitandika mkeka, akatoa dhumna zake kwenye kibweta, akacheza mkono wake na mkono wa mwenzake. Alipomaliza alizirudisha moja moja, polepole, kama mtu anayeogopa kufika ya mwisho. Wenzake wa barazani walikuwa nyumba ya tatu tu kutoka kwetu.

Waliofurahi kweli ni watoto. Kusi ilikuwa imeingia, wakashinda darini wakirusha tiara za magazeti na chelewa.

Lakini baba alau muda alikuwa nao. Mama hakuwa nao kabisa, na hili sote hatukuliona. Unakumbuka alasiri zake? Akishasali hujitanda buibui, akachukua kofia anayoshona, akaenda kwa shangazi mpaka karibu magharibi. Saa mbili zile hakuna aliyemwita. Shule zilipofungwa Machi na sote tukarudi ndani, tulizila sisi. Wadogo wasiofunga wanataka chakula cha mchana, mimi nafanya kazi kwa simu na nataka kimya, baba kila baada ya kitambo anauliza futari ni nini leo. Sote tuna nafasi, na nafasi yetu yote ikawa kazi yake. Kofia aliyoianza Shaabani niliiona jikoni siku za Idd, juu ya kabati, sindano imechomekwa pale pale. Hakuwa ameongeza hata tundu moja. Sikumuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, alasiri ya kwanza mama alijitanda, akaichukua, akaenda kwa shangazi. Aliimaliza mwaka huo huo. Ndiyo hiyo unayoivaa Ijumaa huko Nairobi.