Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa wa Mazingira: Mapipa Bado Yako Kando ya Sabaki

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na ukumbusho. Katika baraza la mwaka jana ulituahidi mbele ya wazee kwamba mapipa ya dawa kuukuu za shambani, yaliyotelekezwa kando ya Mto Sabaki, yangeondolewa kabla ya mvua. Vuli imepita, masika yamepita, mto umefurika, na wiki iliyopita pipa moja limekutwa limepasuka ubavuni, likivuja ujiuji wa kijivu kuelekea mikokoni. Labda ulikusudia mvua nyingine.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege mlangoni mwa mto. Msimu huu, chini ya viota vya yangeyange, nimeokota mayai yaliyobonyea, na gamba la moja lilinikunjikia chini ya kidole gumba kama karatasi kabla halijapasuka. Vifaranga ni haba, wageni nao wameadimika, na karo ya shule hainisubiri.

Maandishi ya mapipa yamefutika, hivyo siwezi kuapa kilichomo, ila nashuku ni DDT, dawa ya kuua wadudu. Sumu hiyo haiozi upesi. Hukaa katika tope na katika mafuta ya mwili, ikipanda kutoka kwa vijidudu hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa ndege anayewala, ikizidi kulimbikizana kila hatua. Mwilini hugeuka kuwa DDE, ambayo huvuruga tezi ya gamba isipate chokaa ya kutosha, mpaka mama akaliponda yai lake kwa kulilalia tu. Ndivyo kozi wa Uingereza walivyopungua, na Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza upesi kama hii, mwaka 2004, kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuombi hisani.

Tuliahidiwa pia kwamba tope lingepimwa. Maafisa walikuja, wakapiga picha (nzuri, nimeziona), wakaondoka. Sisi tungali tunakula samaki wa maji hayo hayo.

Vipimo vikichelewa, tutavumilia. Mapipa yaondolewe, tena na wataalamu wenye vifaa vya kujikinga, si vijana wetu wa vibarua. Yaondolewe, Mheshimiwa, kabla la pili halijapasuka.

Wako katika utumishi,
Mtembeza wageni, Malindi