Krisanthemamu si ua la kutupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mwandishi wenu wa ukurasa wa bustani aliwashauri wasomaji walioko Marekani wanunue krisanthemamu zilizokwisha kuchanua mwezi Septemba, wazipange mlangoni pamoja na maboga, kisha theluji ikianguka wazitupe. Kweli, ndivyo wafanyavyo majirani zangu wengi hapa Saint Paul, Minnesota. Ila mmea huo bado u hai! Ukitunzwa unaishi miaka, na unachanua wakati nyanya zimeshababuka kwa sakitu na miti inapukutisha majani.

Shida ni kuupanda ukiwa umechelewa. Mche wa Septemba nguvu zake zote zimekwenda kwenye maua, haupati muda wa kushika mizizi kabla ardhi haijaganda. Mimi napanda mwishoni mwa Mei, penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, kwa kuwa mizizi iliyolala kwenye maji haivuki baridi ya huku. Aina nayo muhimu. Zile za chungu zinazouzwa kama zawadi dukani hazikukusudiwa kulala nje. Chuo Kikuu cha Minnesota kimezalisha kwa miaka mingi aina zinazostahimili baridi, na nyingine hukua kichaka cha kukaribia kiuno.

Kazi yenyewe ni ya kidole gumba na kucha. Chipukizi likifika kama shibiri moja, nalikata ncha. Linatoa matawi, nayo nayakata ncha, hadi mmea unakuwa mfupi, mnene, wa duara. Usipokata unapata vijiti virefu vinavyoangukia matopeni mvua ya kwanza. Wamarekani wengi huacha kukata ikifika 4 Julai, siku yao ya uhuru. Kwa Minnesota naona hiyo ni kuchelewa. Mimi naacha mwishoni mwa Juni, maana baridi hutuwahi na vitumba vinaweza kuganda kabla ya kufunguka.

Mwandishi wenu hakugusa kabisa habari ya giza. Krisanthemamu huweka vitumba usiku ukirefuka, na taa huivuruga. Kichaka changu cha pembeni mwa baraza kiko chini ya taa ya barabarani. Upande uliokingwa na ukuta ulikuwa umewaka rangi ya kutu, na upande wa taa vitumba bado vya kijani, vimekaza kama punje za pilipili manga. Kwa sababu hiyo hiyo wakulima wa Uganda wanaokuza vipandikizi vya ua hili vya kupelekwa Uholanzi huwasha taa usiku ndani ya mabanda. Karibu na ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na bila taa mimea ingekimbilia kuchanua badala ya kutoa vijiti vya kukata. Kwa hiyo yapo maua yanayopamba madirisha ya Ulaya yaliyoanzia mikononi mwa mabinti wa kwetu. Hayo ndiyo ningependa kuyasoma gazetini, kuliko maboga.

Nimezaliwa Mufindi, tukilima pareto. Pareto ni ndugu wa ua hili. Hata wataalamu wa mimea zamani waliviweka chini ya jina moja. Nikikata ncha, vidole vinabaki na harufu chungu kidogo inayonikumbusha mashamba yetu. Mume wangu husema ua haliliwi, afadhali mchicha. Mchicha wake Oktoba uko wapi?

Si kila mtu atalipenda, nakubali. Jirani yangu Mkongo, aliyewahi kuishi Ubelgiji, nilimpelekea chungu akakipokea kwa ncha za vidole. Kule, kama Ufaransa, ni ua la kupeleka makaburini Novemba mosi. Siku hizi ananiomba ya njano tu. Nyeupe hataki kuziona.

Maua yakiisha, usikate mabua. Yaache yasimame yashike theluji, nayo ilifunike shina. Ardhi ikishaganda, siyo kabla, tandaza majani makavu juu yake. Aprili toa matandazo kidogo kidogo. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ng'oa shina, tupa moyo wa katikati uliokomaa kama kuni, upande vipande vya pembeni vyenye mizizi.

Mwambieni mwandishi wenu arekebishe ushauri wake kabla ya Septemba nyingine. Na Watanzania wenzangu wa hapa Saint Paul, mwezi Mei nitakuwa na vipande vya kugawa, vya rangi ya kutu na vya njano. Njooni na ndoo zenu, zangu zimejaa mchicha wa mzee.

Msomaji wenu,
Saint Paul, Minnesota