Barua ya wazi kwa vijana wahubiri wa Malindi: someni hadi aya inayofuata

Wanangu,

Salamu kwenu nyote mnaoshika maikrofoni Jumapili, kuanzia makanisa ya hapa mjini Maweni na Kisumu Ndogo hadi yale ya mabati na makuti huko Ganda, Langobaya na ng'ambo ya Sabaki. Najua wengi wenu hamkupitia chuo cha Biblia. Mmepitia baharini, kwenye bodaboda, jikoni mwa hoteli za Waitaliano. Hata mimi nilianza kuhubiri nikiwa kibarua wa korosho, kwa hiyo msidhani nawatazama kutoka juu. Tangu nistaafu naketi benchi la nyuma nikiwasikiliza, na jambo moja limeninyima usingizi. Mnasoma aya moja, mnafunga Biblia, kisha mnasema saa nzima.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, mahindi yamekaukia shambani, nilisimama nikasoma Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nikapaza sauti, nikawainua watu mikono, nikatangaza kwamba kabla ya Desemba kila mmoja atakuwa amevuka. Watu wakaruka. Nikarudi nyumbani shati limelowa, nimejiridhisha. Mwezi wa kwanza akanijia mama mmoja muuza mahamri, Biblia kwapani. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia, "Mchungaji, nimelirudia lile andiko lako. Aya ya kumi yasema miaka sabini. Mimi nina hamsini na minane. Sasa nifanye hesabu gani?"

Sikuwa na jibu, maana aya ya kumi sikuwa nimeisoma.

Ile ni barua kwa mateka waliopelekwa Babeli. Nabii anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji ule ule walikofungwa, na wasiwasikilize manabii wenye ndoto tamu. Rudini sura moja nyuma, mtamkuta Hanania akiwaahidi watu kwamba mambo yatakwisha kwa miaka miwili. Mwaka haukuisha akafa. Kwa hiyo andiko nililolitumia kuahidi haraka liliandikwa kuwakanya watu kama mimi. Ningelihubiri lote, yule mama angeondoka na kitu cha kumfaa: namna ya kuishi wakati ahadi imechelewa. Badala yake nilimpa tarehe.

Na sisi watu wa Malindi hatuwezi kulichukulia hili kama kosa dogo la mwanafunzi. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa, na mpaka kazi ilipofika mwisho miili ilikuwa imepita 400, watoto wakiwemo. Wengi wao walikufa njaa, wakiamini kwamba kufunga kula hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Watu wale hawakukosa Biblia. Walikosa mtu wa kuwasomea aya inayofuata. Kumbukeni Yesu alipojaribiwa: Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91, akaitaja sawasawa, ila aliyaruka maneno "katika njia zako zote". Yesu hakumjibu kwa kelele. Alisema, "Tena imeandikwa." Maneno mawili tu, na ndiyo ambayo msituni hayakusikika.

Hata habari ya uchawi ni hivyo hivyo. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa ulozi, halafu mhubiri anasimama matangani anachomoa Kutoka 22:18 peke yake, ile ya kutomwacha mchawi kuishi, anashuka, anakwenda zake kula pilau. Mimi mvi zimejaa kichwa kizima. Nawaomba, kabla ya kulisoma andiko hilo mbele ya vijana wenye panga, mfikirie nani anarudi nyumbani peke yake usiku huo.

Basi tufanye kazi pamoja. Chukueni Matendo 27, safari ya Paulo iliyovunjikia Malta. Ianzeni Jumatatu, msingoje Jumamosi usiku baada ya mpira. Isomeni yote, aya 44, kwa sauti ya kusikika, mara tatu au nne kwa siku tofauti. Nani anasema? Anamwambia nani? Kumetokea nini kabla? Hesabuni vitu vilivyohesabiwa: watu 276, usiku wa kumi na nne, kina cha pima ishirini kisha kumi na tano, nanga nne. Luka hakuandika idadi hizo ili kujaza karatasi.

Mimi sura hii nilikwenda kuwasomea wavuvi pwani. Mzee mmoja, mkononi anashona jarife, akanikatiza: "Nanga nne za tezi? Mbona sisi twatia ya omo?" Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Akanyamaza kidogo, akajijibu mwenyewe. Upepo ulikuwa ukiwasukuma kwa nyuma. Wangetia nanga ya omo chombo kingegeuka, kikalaza ubavu kwenye mawimbi. Wakiifunga tezi, omo inabaki inatazama nchi kavu, kukipambazuka wanakata kamba na kwenda moja kwa moja. Baadaye nilikuta wafafanuzi wanasema hivyo hivyo, lakini mimi nilifundishwa na mtu mwenye sindano ya nyavu mkononi. Kumbukeni tu kwamba ukilihubiri Langobaya, tezi na omo za Biblia ya 1952 huenda zisieleweke na mkulima. Mwambie nyuma ya chombo na mbele, usonge.

Sasa nije kwenye lile lililonichoma. Sura hii nimeihubiri labda mara kumi, kila mara ni tufani, imani, tufani, imani. Mwaka ule wa Shakahola nilipewa zamu ya kuhubiri, nikaisoma tena polepole, nikafika aya ya 33 nikasimama. Watu hawajala siku kumi na nne. Paulo, mtume, mtu wa maono, aliyekwisha kuambiwa na malaika kwamba hakuna roho itakayopotea, anafanya nini? Anawasihi wale chakula. Anawaambia chakula hicho ni kwa ajili ya wokovu wao. Halafu anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula yeye mwenyewe. Miaka yote hiyo nimepita juu ya mkate ule kama mtu anayeruka kidimbwi.

Kwa Kigiriki neno lililoko pale ni sotería, lile lile la wokovu tunalolipigia mayowe. Nimelitaja kwa kuwa hii ni barua, mimbarini msilitaje. Ukisema tu "kwa Kigiriki", mama wa mahamri ataanza kudhani Biblia yake ina kasoro.

Baada ya kusoma, andika sentensi moja. Mimi niliandika nyuma ya risiti: Mungu aliyeahidi kuwaokoa ndiye aliyewataka wale chakula. Kisha hubiri hiyo tu. Kile kisa kizuri cha mjomba wako na mamba wa Sabaki, kama hakiibebi sentensi hiyo, kiache. Hata mabaharia wale, walipokwisha kushiba, waliitupa ngano baharini chombo kiwe chepesi, na ngano haikuwa takataka.

Mkihubiri kwa mkalimani wa Kigiriama, mpeni andiko tangu Jumamosi, semeni sentensi fupi, na mjue kwamba dakika ishirini zenu ni arobaini za wasikilizaji. Msimdharau. Wareno walifika hapa 1498 wakaacha nguzo yenye msalaba, mpaka leo watalii wanaipiga picha. Mmisionari Krapf aliposhuka Mombasa 1844 alijifunza lugha, akaanza kutafsiri Mwanzo. Mnajua wenyewe ni kipi kati ya hivyo viwili kilichowafikia nyanya zenu.

"Mwambie jirani yako" ipunguzeni. Jirani amechoka. Na spika isielekezwe dirishani kwa majirani Waislamu. Wakitaka kusikia watakuja, na ukiwa na neno la maana watasimama nje walisikilize, nimeyaona. Mahubiri ya kwenye simu sikilizeni, lakini msiyabebe mazima. Jumapili iliyopita kijana mmoja alitupigia mfano wa gari lililokwama kwenye theluji. Malindi! Mwezi wa pili, kaskazi inavuma, feni imekufa.

Jumanne saa kumi jioni nitakuwa barazani kwangu. Kila mmoja aje na andiko lake la Jumapili, aya kumi kabla yake na kumi baada, na daftari. Chai itakuwepo, na mahamri. Muuzaji ni yule yule mama, naye huwa anakaa. Msishangae akiwauliza swali.

Mzee wenu,
Mchungaji mstaafu, Malindi