Barua ya malalamiko: alama inasema kilo 25, mkono unavuta 20

Kijitonyama,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Michezo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

YAH: MASHINE YA KUFUNGIA NYUZI ZA RAKETI ILIYOUZWA NA JIWE LISILO LAKE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 22 Machi nilinunua dukani kwenu mashine ya mezani ya kufungia nyuzi za raketi ya tenisi, ile ya mkono na jiwe (jiwe ni uzito unaosogezwa juu ya mkono hadi kwenye alama ya kilo unazotaka uzi uvutwe), pamoja na bunda la nyuzi za nailoni la mita 200. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Bunda sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mashine, na zaidi ya mashine, jibu nililopewa nilipowapigia simu kulalamika: kwamba sijazoea tu.

Niseme mapema kwamba kazi hii bado najifunza. Raketi ya kwanza ilinichukua saa nne na nusu na malengelenge ya vidole viwili. Nikaelewa kwamba nyuzi za wima ndizo mtande, huanzia katikati, na upande mmoja usiutangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili tatu, fremu isije ikapinda. Kisha unakuja mshindio, nyuzi 19 za mlalo kwa raketi yetu, juu chini, juu chini, na ukiruka moja unafumua hadi pale ulipokosea. Kufikia raketi ya sita nilikuwa natumia saa moja na nusu. Ndiyo maana ile "hujazoea tu, mzee wangu" ya kijana wenu kwenye simu imeniuma.

Mchezaji ni binti yangu, miaka 14. Kwa fundi wetu wa zamani alizoea nyuzi zilizovutwa kwa kilo 22. Nikaweka jiwe kwenye alama ya 22, nikafunga, na tangu siku hiyo mipira yake ikaanza kupaa. Ilivuka mstari wa nyuma, mingine ikagonga uzio. Nyuzi zikilegea mpira huenda mbali, hilo nalijua. Lakini mashine ilisema 22, nami nikaiamini mashine kuliko mtoto. Wiki tano namgombeza: kunja magoti, funga mkono, unapiga kama unafukuza kuku! Mwisho akaniambia, "Baba, hii si raketi, ni chandarua."

Jioni hiyo nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki Feri. Kabla ya kitu chochote niliipima mizani yenyewe kwa kiroba cha mchele cha kilo 25 ambacho hakijafunguliwa; ikasoma 25. Nikaifunga kati ya fremu na sehemu ya mashine inayokamata na kuvuta uzi, nikaweka pima maji juu ya mkono kuhakikisha umelala sawa na sakafu, maana mkono ukiinama au ukiinuka kipimo hakina maana. Alama ya 20 ilivuta kilo 16. Alama ya 25 ilivuta 20. Nilirudia mara tatu. Kosa la mkono wa mwanafunzi lingeyumba, leo pungufu, kesho zaidi. Hili linapunguza moja ya tano kila mahali, yaani jiwe ni jepesi. Nikaligeuza: chini yake kuna kibandiko chenye namba ya modeli ambayo si ya mashine yangu.

Kijana wenu alisema pia huenda nyuzi zimelegea kwa sababu raketi iliachwa kwenye buti la gari juani. Sina gari. Napanda daladala.

Vibanio vya kushikilia uzi navyo vinateleza. Nimevisafisha kwa spiriti, nimekaza skrubu, bado uzi unachomoka na kubaki na mikwaruzo.

Naomba mniletee jiwe la modeli hii na vibanio viwili vipya, au mnirudishie fedha za mashine. Naomba pia muwatafute wengine walionunua mashine za shehena hiyo. Kama jiwe mlilonipa ni la mashine nyingine, basi huenda kuna mtu ana jiwe langu, naye anafunga nyuzi ngumu kuliko anavyodhani. Kiwiko chake kitauma na kumwambia kabla yenu. Nasubiri siku 14 kutoka tarehe ya barua hii, kisha nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na picha za mizani.

Jumamosi asubuhi nitakuja dukani na jiwe, mizani na pima maji. Kijana aliyenijibu kwenye simu awepo. Binti yangu naye atakuja, kwa sababu nimemwahidi kwamba maneno "si kosa lako" atayasikia pia kutoka kwenu. Mimi nimeshamwambia.

Wenu katika biashara,

Mteja wenu wa Kijitonyama