Karatasi za plastiki si za kubandika mekoni

Mhariri,

Ukurasa wenu wa makazi umesifia karatasi za "marumaru" za plastiki kwa kurembea meko ya kuotea moto sebuleni. Picha ilipendeza, sikatai. Lakini mimi ni fundi mwashi hapa Lushoto, na kwetu meko si pambo. Juni hadi Agosti watu wanakoka moto jioni na kuusogelea.

Karatasi hizo ni PVC, aina ya plastiki inayolainika kwa joto. Joto likifika kama nyuzi 80 zinaanza kulegea, na zikiungua zinatoa moshi wenye asidi unaowasha macho na koo. Hivi karibuni niliitwa Magamba, nyumba ya zamani ya mama mmoja mstaafu. Yeye alilalamikia harufu tu. Nikakuta kona ya juu imejikunja kama sikio la mbwa, na gundi nyuma yake imegeuka kahawia, inanata kidoleni. Aliyezibandika alishalipwa, na simu hapokei.

Tukazibandua zote. Chini ya rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, zikatokea tofali za kuchoma, nzima kabisa. Mama akataka zipakwe nyeupe. Nikamwambia, "Mama, ngoja tuzisugue kwanza uzione." Alipouona wekundu wake, habari ya rangi ikaishia hapo. Viungo nilijaza kwa chokaa na mchanga, saruji kidogo sana, maana saruji tupu hupasuka kwa joto.

Rafu ya juu alichagua mninga, na sikumkataza. Ubao unakubalika, ila wa pembeni ukae angalau sentimita 15 kutoka mdomo wa meko, na rafu inayochomoza ipande zaidi ya sentimita 30. Dohani, yaani bomba la kutolea moshi, nayo isafishwe kabla ya urembo wowote; moshi ukirudi sebuleni, hata marumaru ya Italia itakuwa nyeusi.

Aliye Dar es Salaam, ambaye "moto" wake ni taa tupu, abandike apendavyo (ingawa meko kwenye joto lile mimi sijaielewa bado). Wa Lushoto, Njombe na Mufindi wamuulize muuzaji karatasi inahimili nyuzi ngapi. Akibabaika, waombe kipande kidogo wakichovye kwenye maji yanayochemka. Kikilegea, wamrudishie.

Fundi mwashi,
Lushoto, Tanga